Kasyoka Aliyewanyonyesha Wawili

Kasyoka alikuwa akinywa chai yake amesimama. Kila asubuhi, kabla hajateleka karai la mahamri, alijimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akaegemea mlango wa jikoni, mguu mmoja ndani na mmoja uani, akainywa ikiwa bado yachoma. Mama alikuwa akimwambia, "Keti basi, Kasyoka, hiyo ni chai, si dawa." Naye hujibu, "Nikiketi nitakuwa mgeni." Akimaliza husuuza kikombe, hukifudikiza mahali pake, na kutoka hapo humuoni ametulia tena mpaka isha.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba ambacho akipita mtu na mkokoteni, wengine huingia milangoni mwa watu kumpisha. Kasyoka alikuja hapa kabla sijazaliwa. Nilimkuta kama nilivyozikuta ngazi. Mimi shule niliacha darasa la tano, Nyanya alipopooza ikawa lazima pawe na mtu wa kumgeuza, na tangu hapo siku zangu nyingi zimekuwa za jikoni. Mambo ya Kasyoka niliyaokota huko, leo kidogo, kesho kidogo, yeye akikuna nazi nami nikichambua mchele.

Kwao ni Mwingi, Ukambani. Aliolewa akiwa msichana. Watu wa mumewe walipeleka mbuzi kwa babake, wakapeleka ng'ombe, wakapeleka na asali, mpaka wakakamilisha. Na kwao, hayo yakikamilika, mtoto atakayezaliwa ni wa ukoo wa baba, hata mama akiondoka. Mumewe akaanza kumpiga. Siku moja akakimbilia kwa babake, amembeba Kioko mgongoni, wa miezi minane. Wazee wakaketi. Babake hakuwa na mbuzi wa kurudisha. Wengine walishaliwa, wengine kakake alishawatoa kwa kuolea mke wake mwenyewe. Wazee wakasema mwanamke anaweza kwenda, mtoto abaki. Dada wa mumewe akaja akamfungua mtoto mgongoni.

"Nikapanda basi," alikuwa akisema, "nikaja kwa binamu yangu Tony, alikuwa kazi ya reli. Maziwa yakanifuata. Tulipofika Voi gauni limelowa mbele yote, na mzee niliyekaa naye akaniuliza kama nimemwagikiwa na soda."

Hilo la soda lilimchekesha kila alipolisimulia. Mimi halikunichekesha.

Mke wa Tony ndiye aliyemtafutia kazi kwetu, ya kufua. Mama alikuwa amejifungua dadangu Sheikha, presha ikampanda, akarudishwa hospitali, na kwa dawa alizopewa akakatazwa kunyonyesha. Sheikha analia, chupa aitema. Nyanya, wakati huo mzima wa miguu na wa ulimi, akaliona gauni la Kasyoka. Akamketisha kitandani, akamuomba kwa adabu, kama aombavyo mtu posa.

"Mwanangu, utampa huyu? Ukimpa atakuwa mwanao. Na huyo Kioko wako atakuwa kakake, mpaka siku ya kufa."

Kasyoka akasema ndiyo. Akamnyonyesha Sheikha hata Mama alipotoka hospitali, kwa kuwa ya Mama yalikuwa yamekauka.

Basi Sheikha alikua akimwita Mama Kasyoka, mimi niliyezaliwa baadaye nikamwita Kasyoka tu. Kioko alipokua kijana akaja kumtembelea mamake, na Sheikha hakujifunika mbele yake. Walikula sinia moja. Shangazi Nargis, dadake Baba, anayekaa Bondeni na ambaye hatoki mbele ya wanaume, hata fundi wa mabomba yeye humwagiza akiwa nyuma ya mlango, alimkalisha Kioko ukumbi wa wanawake akamuuliza mbona amekonda. Kasyoka alicheka siku ile hata akashika ukuta. "Hawa watu!" akaniambia jikoni. "Hawa watu wa Pwani!" Lakini nilimuona alivyokuwa akimpakulia.

Mwaka juzi Kioko akaoa. Kasyoka alimuomba Mama ruhusa ya wiki nzima, akashona gauni, akanunua blanketi za wakwe. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta jikoni amesimama na kikombe chake. Alikuwa amesafiri usiku kucha.

"Mbona mapema?" Mama akauliza.

"Yamekwisha mapema."

Baadaye, akisugua sufuria ambayo haikuwa na uchafu, akaniambia. Mahali pa mama wa bwana harusi palikuwa na mtu, yule mke wa pili wa mumewe. Yeye Kasyoka walimpa kiti upande wa wageni waliotoka mbali. Walimkaribisha vizuri, akasema. Soda alipewa. Mzee mmoja wa ukoo alimshukuru kwa kuwazalia.

Mama na Kasyoka walikuwa na ubishi wao wa miaka, wa kuchekeshana, juu ya nani anaoa vibaya zaidi.

"Nyinyi mwaoza watoto kwa mbuzi," Mama humwambia. "Mwanamke apimwa kwa kwato."

"Na nyinyi mnaoana binamu kwa binamu! Mtoto wa mjomba! Kwetu ukifanya hivyo wazee watakutapikia."

"Mtoto wa mjomba wamjua tabia yake. Huko kwenu waokota mtu njiani."

"Tunaokota mbali ili tuwe na pa kukimbilia."

Nyanya akiwa bado asema, aliwaambia wanyamaze, wali unaungua.

*

Sheikha alikataa wachumba wawili kwa ajili ya Zaki. Zaki alizaliwa nyumba ya pili yetu, ukuta wa uani ni mmoja. Walihamia Kizingo yeye akiwa mdogo, babake alipofanikiwa, na huko kila mtu ana geti lake na gari lake, kwa hivyo hatukuonana sana. Kisha wakaonana harusini mwa mtu. Sheikha alimngoja miaka mitatu amalize masomo na apate kazi bandarini. Alikuwa si mtu wa kusema, dadangu, lakini miaka ile mitatu alikuwa akipanda darini na simu na kushuka uso umebadilika. Posa ikaletwa, Baba akaridhia kwa simu kutoka Maskati anakofanya kazi, mahari ikasemwa. Ikabaki wiki mbili.

Siku ya kuletwa begi, wanawake wa Kizingo wakaja wengi, wamevaa mabuibui mapya, wamebeba sanduku la bibi harusi: viatu, mafuta, udi, madira, kila kitu. Likafunguliwa katikati ya ukumbi watu waone. Sheikha alikuwa juu, bibi harusi hashuki siku hiyo, lakini nilijua amekaa kwenye ngazi asikilize. Nyimbo zikapamba moto. Shangazi Nargis akaenda jikoni akamtoa Kasyoka na unga mikononi.

"Njoo ucheze, Mkamba wetu! Au wacheza kwenu tu?"

"Nikianza mimi nyinyi mtakaa chini."

"Hebu tukione hicho kiuno, kama hakijaingia kutu."

"Kutu iko kwako unayeketi Bondeni kutwa. Mimi natumika kila siku."

Wakaangua kicheko. Kasyoka akacheza kwa mabega, kama wachezavyo kwao, mabega yanakwenda na kichwa kimetulia, wanawake wakapiga vigelegele. Bi Thureya, mamake Zaki, mwanamke mzuri na mwenye haraka, akavua ushungi wake akamfunga Kasyoka kiunoni kumtuza. Kasyoka akainua mikono yote miwili.

"Mimi ndiye mwenye harusi hapa!" akasema kwa sauti. "Bibi harusi nimemnyonyesha mimi! Bwana harusi nimemnyonyesha mimi! Nani mwingine ana harusi mbili siku moja?"

Walio karibu na mlango walicheka, walidhani ni mzaha. Mpiga kigoma aliendelea peke yake kidogo, kisha akaona nyuso, akaacha.

"Umesemaje, Kasyoka?" Shangazi akauliza.

"Nina harusi mbili."

"La. Hilo la bwana harusi."

"Zaki? Si alikuwa hapa ukutani. Mamake alipokwenda Lamu, matangani kwa babake."

"Nilimwacha na mamamkwe," Bi Thureya akasema. "Nilimwacha na maziwa ya kopo na chupa."

"Chupa aliikataa, Bi Thureya. Mamamkwe wako alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kumbeba. Mtoto analia mpaka sauti imekatika. Mimi nilikuwa na Sheikha, na maziwa yalikuwa mengi. Nikamchukua hapo juu ya ukuta." Akatuangalia mmoja mmoja. "Kwani ningemuacha alie?"

Mmoja wa wanawake wa Kizingo akaanza kutafuta viatu vyake. Juu, nilisikia ubao wa ngazi ukilia.

Biriani haikuliwa siku ile. Wageni waliondoka kwa makundi, wanaagana kwa sauti za msibani, na sanduku likabaki katikati ya ukumbi limefunguliwa, kwa sababu hakuna aliyejua ni la kuwekwa au la kurudishwa. Siku zote zilizofuata tulikuwa tukilizunguka. Ukitoka jikoni unalizunguka, ukienda mlangoni unalizunguka.

Kasyoka alinikamata mkono jikoni.

"Nimesema nini mimi?"

"Wote wawili ni wanao," nikamwambia. "Waliokunyonya wewe ni ndugu. Ndugu hawaoani."

"Lakini huyu ana mamake na yule ana mamake."

"Na wote wana wewe."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha.

"Mnaoana binamu wa damu," akasema polepole, "na hawa hawana damu hata tone, mnasema hapana?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nyanyako aliniambia, atakuwa mwanao. Nilidhani ni heshima tu. Nyinyi huku kila mtu mjomba. Mwenye duka mjomba, mwenye kuleta maji mjomba. Ningejuaje kama hili ni la kweli?"

Nilikwenda chumbani kwa Nyanya. Alikuwa akiangalia feni. Nilimuuliza kama alijua la Zaki, na macho yake yakanifuata, lakini maneno hayakuja, na hata yangekuja nadhani hakujua. Kasyoka hakumwambia mtu. Alidhani watu wangechukia mtoto wao kupewa na mwanamke wa kanisa bila ya ruhusa. Kwa Sheikha aliombwa, kwa Zaki hakuombwa na mtu ila na kile kilio.

*

Usingizi ulihama nyumbani. Baba alikuwa akipiga simu kutoka Maskati asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila akipiga anauliza lile lile. Bi Thureya alikuwa akiliacha gari lake barabara kubwa na kuja kwa miguu, anasimama ukumbini dakika chache, anarudi. Mama alipanga vyombo akavipangua. Sheikha alikuwa darini. Zaki alikuwa akimpigia, hapokei. Akiacha kupiga, anaiangalia simu.

Waliulizwa wajuao. Maalim Taib, aliyetusomesha sote Kurani chuoni mtaa wa pili, alisema kwa upole kwamba kinachofunga undugu ni mara tano za kushiba, mtoto akiwa hajafika miaka miwili, na pawe na yakini. Chini ya hapo hapana kitu. Pakiwa na shaka, mambo hubaki kama yalivyokuwa. Atakuja Jumamosi baada ya alasiri amsikie mwanamke mwenyewe.

"Wapo wasemao neno lake peke yake halitoshi," Mama akamwambia Shangazi. "Na si Muislamu."

"Halitoshi kwa kadhi," Shangazi akajibu. "Kwa chumba cha harusi je? Sheikha atalala na neno hilo mto mmoja?"

"Nargis, nakuomba, usiniongezee."

"Siongezi. Nauliza."

Basi yote yakawa juu ya Kasyoka. Akisema mara tano, harusi imekwisha. Akisema hajui, harusi ipo. Nyumba nzima tulikuwa tukimuangalia anavyotembea, kana kwamba jibu liko kwenye miguu.

Alhamisi Mama akamfuata jikoni. Nilikuwa nikitwanga pilipili manga, sikuambiwa nitoke.

"Kasyoka, shoga yangu. Mimi nawe tumezeekea humu."

"Ndiyo, Bi Shukri."

"Miaka ishirini na mbili hii. Nani akumbuka la miaka ishirini na mbili? Sema hukumbuki."

Kasyoka alikuwa akikwaruza chungu. "Ukitaka niseme hivyo, nitasema."

"Si kutaka. Nakuomba. Kwa ajili ya Sheikha."

"Haya. Sikumbuki."

Mama akamshika bega, akatoka upesi.

Ijumaa mchana Sheikha mwenyewe akashuka, mara ya kwanza tangu siku ya begi. Akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Hakuwa amechana nywele.

"Mama Kasyoka. Ilikuwa mara ngapi?"

Kasyoka aliendelea kuosha mchele, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, yalishakuwa meupe na bado anaosha. "Mamako ameniambia nisikumbuke."

Nilifikiri Sheikha atalia.

"Basi usikumbuke," akasema, akapanda juu.

*

Jumamosi Maalim Taib alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha Baba. Sanduku lilisukumwa kando kidogo. Zaki alisimama karibu na mlango kana kwamba hajakaribishwa, kijana mrefu, ndevu hajazinyoa. Bi Thureya na Shangazi Nargis walikuwa kwenye kochi, Mama kwenye mkeka. Sheikha alikuwa nyuma ya pazia la ngazi, nami nilikuwa chini yake, nikiona vidole vya miguu yake.

Kasyoka akaja, amejifunga kanga safi.

"Keti, mamangu," Maalim akasema.

Akaketi ukingoni mwa kiti, kama kitamponyoka.

"Hapa hapana kesi. Nataka kujua tu. Ulimnyonyesha huyu Zaki?"

"Nilimpa ziwa, Maalim."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki idadi, au hukumbuki kabisa?"

"Sikumbuki, Maalim. Ni zamani."

Mama alifumba macho. Nyuma ya pazia vidole vya Sheikha vikafunguka. Maalim alikuwa bado ameinamisha kichwa, anafikiri, na kama pangebaki hivyo kidogo tu angesema lake na tungekwenda kuchemsha chai. Lakini Bi Thureya alikuwa amebana pumzi siku nyingi, na zikamtoka na maneno.

"Alhamdulillahi! Si n'lisema? Alimtia ziwa mdomoni kumnyamazisha, basi, kama mtu ampavyo mtoto kidole. Hilo si unyonyeshaji. Huyu maskini alikuja kufua nguo. Mama ni mwenye kulea."

"Mama, taratibu," Zaki akasema.

"Nasema kwa kheri. Sina ubaya naye. Lakini tusimtwishe mtu umama asioujua. Hata wake mwenyewe hakumlea, alimuacha huko bara akaja zake."

Sikuona Kasyoka akibadilika. Aliitazama mikono yake tu. Aliitazama muda, kama mwenye kutafuta pete iliyodondoka.

"Nakumbuka," akasema.

"Kasyoka," Mama akasema.

"Nakumbuka, Shukri." Hakuwahi kumwita jina tupu. "Alikuwa na meno manne, mawili juu, mawili chini, na ya chini yaliniuma ziwa la kushoto likafanya kidonda. Asubuhi nilimpa huko darini, kabla ya kuanika nguo. Mchana nilimpa Sheikha kwanza kwa sababu ni mdogo, kisha yeye. Usiku nilimchukua nikalala naye, mamamkwe alisema yeye hawezi, na nyinyi mkadhani namlaza tu. Sheikha upande huu. Zaki upande huu. Alikuwa akishiba analegea, anatia mkono ndani ya gauni langu hapa, halali bila ya hivyo. Mimi nilikuwa silali. Nilikuwa nawaza wangu analishwa uji na nani."

"Siku ngapi hizo?" Maalim akauliza, sauti chini.

"Mpaka mamake aliporudi. Wiki, na zaidi. Na aliporudi, mtoto akamkataa. Alimpiga mamake kifuani hivi, akalia akitazama ukutani. Nikampa tena siku mbili, kwa siri, mpaka akazoea."

Bi Thureya alitia mkono mdomoni. "Alinikataa," akasema, si kwa mtu. "Wallahi, alinikataa. N'lidhani amenikasirikia."

Maalim Taib akaiweka fimbo chini, akaiokota tena. Akamuangalia Zaki.

"Mwanangu, Sheikha ni dadako. Na huyu ni mamako. Msalimu."

Zaki hakusogea. Kisha akaja, akapiga magoti hapo kwenye mkeka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa jino. Akaushika mkono wa Kasyoka akaubusu.

"Shikamoo, mama."

Kasyoka aliurudisha mkono wake taratibu akauficha ndani ya kanga. Nyuma ya pazia nilisikia miguu ya Sheikha ikipanda, haraka haraka, vidato vyote, mpaka mlango wa dari ukagonga ukuta.

*

Sanduku lilirudishwa Kizingo Jumapili. Wapishi waliambiwa, wapigaji waliambiwa, Baba akaambiwa. Hakuna aliyemtupia Kasyoka neno baya. Shangazi Nargis akamwita Mama Zaki, nusu mzaha, nusu kweli, na Kasyoka akawa hajui ageuke au asigeuke. Zaki mwenyewe alituma samaki na matufaha kwa bodaboda, kwa mamake, ndivyo yule kijana wa boda alivyosema mlangoni, na Kasyoka akasimama nayo uani, hajui ayatie jikoni kwa watu wote au chumbani kwake. Alizunguka nayo. Mwishowe akayaweka chini, samaki wakakusanya nzi, nikaja kuwachukua mimi.

Mama akaanza kujipikia chai. Hakuwa amenuna, alimsalimu kila asubuhi, sabalkheri, sabalkheri, lakini ule ubishi wa mbuzi na binamu haukusikika tena. Na juu yetu, kutwa, nyayo za Sheikha. Anakwenda mpaka ukuta wa kule, anarudi. Nilikuwa naweza kujua alipogeuka. Kasyoka, akiwa chini, alikuwa anasimamisha kazi kila nyayo ziliposimama, na anaendelea zikiendelea.

Jumatano alimpandishia chakula mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake na gudulia la maji.

"Ungenyamaza," Sheikha akamwambia.

"Nilikuwa nimenyamaza."

"Ungeendelea."

"Ndiyo," Kasyoka akasema. "Ningeendelea."

Sheikha aliipokea sahani akaiweka juu ya ukingo wa dari bila ya kuiangalia. "Miaka mitatu mimi nilimngoja. Sasa nimpigie simu nimwambie nini? Kaka, hujambo?" Akageuka upande wa bahari. "Usinipandishie chakula. Sikuchukii. Lakini nikikuona wewe namuona yeye, na nikimuona yeye siwezi."

"Mwanangu…"

"Usiniite."

Kasyoka alishuka ngazi ameshika ukuta.

Kesho yake alikaanga mahamri, akafagia uani, akamgeuza Nyanya pamoja nami, akampaka mafuta mgongoni, akamvisha. Akafunga leso kichwani.

"Naenda Marikiti," akamwambia Mama.

Mama alikuwa na simu sikioni. "Leta nazi mbili," akasema bila ya kumtazama.

Ni miezi minne sasa. Simu yake haishiki. Kioko tulimpata, naye akasema kwake hajafika, na Tony alishastaafu, hayuko Mombasa. Zaki ameuliza kwa watu wa mabasi. Chumbani kwake nguo zipo, ushungi wa Bi Thureya upo, umekunjwa.

Siku ile mimi niligundua upesi kwamba haendi sokoni, maana kikapu cha soko kilikuwa bado kimening'inia. Nikakichukua nikamkimbilia. Nilimuona mbele, kwenye barabara ya Marikiti, anapita wauza nazi, hakupunguza mwendo. Mmoja akamwita, "Mama, leo zimeshuka," akapita. Akavuka barabara kubwa katikati ya tuktuk, mkono umeinuliwa kuzisimamisha, akashika njia ya Mwembe Tayari. Nilisimama upande wangu, magari yamejaa, siwezi kuvuka. Nikaita, "Kasyoka!" Kisha nikaita lile ambalo sikuwahi kumwita, kwa kuwa mimi sikumnyonya. "Mama Kasyoka! Kikapu!"

Watu wawili watatu waligeuka. Yeye alikuwa ameshafika mabasi yalipo, mgongo wake na leso yake kati ya wabeba mizigo, akitembea kwa haraka ile yake ya siku zote, kama mtu aliyeacha kitu mekoni.